Mtaji usiouliza faida: wenye biashara Nyanda za Juu Kusini wawe macho

Mhariri,

Juni 2025 Tanzania iliondolewa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, ilikowekwa Oktoba 2022 kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu. Ni jambo jema, ila kuanzia Tunduma hadi Mafinga wapo wanaodhani kazi imekwisha. Genge la magendo au la dawa za kulevya halina haja ya kufungua biashara yake. Linatafuta yako, yenye TIN, leseni na jina safi, lisafishie humo pesa zake chafu.

Mara nyingi huja mtu na mtaji wakati mkopo umekubana. Analeta keshi, hataki mkataba, wala haulizi faida lini. Anachotaka ni pesa zipite kwenye akaunti yako zikiandikwa mauzo. Kodi atailipa bila kinyongo, maana risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ndiyo itakayomsemea benki wakimuuliza. Baadaye ataomba ndugu yake awe mkurugenzi, kisha nywila yako ya BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Hapo kampuni si yako tena, ila jina lililo kwenye karatasi ni lako, na wapelelezi huanza na jina hilo.

Gesti ndizo rahisi kutumiwa, kwa kuwa mgeni hewa haonekani kwenye stoo. Lakini hesabu huumbua. Vyumba 20 kwa shilingi 30,000, vikijaa vyote, ni 600,000 kwa usiku. Gesti isiyo na baa wala ukumbi ikipeleka benki 1,500,000 kila asubuhi, pesa hiyo haikulala pale. Wajanja hupeleka 540,000, kana kwamba vyumba 18 vimelaliwa. Basi tazama umeme wa LUKU, maji na sabuni: shuka za vyumba 18 hazifuliwi kwa ndoo mbili. Kwenye yadi ya mbao ni rahisi zaidi, linganisha mauzo na hati za kusafirishia.

Anayeleta mtaji apitishe benki, kwa jina lake, na mkataba usainiwe mbele ya wakili ukitaja chanzo cha fedha. Tangu Sheria ya Fedha ya 2020, kampuni inatakiwa kuwasilisha BRELA majina ya wamiliki manufaa, yaani wenye kauli ya mwisho, si shemeji aliyeazimisha kitambulisho chake. Hundi tupu usisaini kamwe.

Benki na wahasibu, sheria ya fedha haramu ya 2006 inawataka kupeleka taarifa ya muamala wenye shaka Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa ni kosa lenyewe, na mjini kwetu, ambako kila mtu anamjua kila mtu, ndipo wengi wanapoteleza.

Halmashauri nazo zina silaha zisiyoitumia. Daftari la wageni liko gesti, ushuru wa kulala wageni uko kwa mweka hazina, mauzo ya EFD yako TRA. Maofisa biashara waombe karatasi hizo tatu za mwezi mmoja, za gesti moja, wazisome pamoja.

Mhasibu,
Mbeya