Kuchemsha hakuondoi floraidi

Mhariri,

Kila yanapotajwa maji ya Arusha na Meru yenye floraidi nyingi, madini ya asili yanayoyeyuka majini, hakosi mtu wa kushauri yachemshwe. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani, na katika kila lita huwa nyingi kuliko mwanzo. Magadi ya kuivishia maharage nayo huongezea.

Meno ya kahawia ni madhara ya floraidi yanayoonekana. Kazi kubwa hufanyika mifupani. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sehemu iliyobaki karibu yote ni kolajeni, nyuzi za protini zinazouwezesha mfupa kupinda kidogo bila kuvunjika. Fuwele za madini hayo zina nafasi ambazo floraidi huingia na kung'ang'ania, hasa kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inajengwa. Mfupa ulioshiba floraidi huonekana mzito kwenye eksirei, kumbe ni rahisi kuvunjika.

Tabia hiyohiyo ya mfupa ndiyo inayotumika kusafisha maji. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, huinasa floraidi kabla haijafika kikombeni. Yote hutegemea moto: tanuri liwe na hewa kidogo, joto nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Mkaa ukitoka wa kahawia, mafuta na kolajeni havijaungua vya kutosha, na maji yatanuka na kubadilika rangi. Ukitoka mweupe pe, moto ulizidi, vitundu vya ndani vimejifunga na mkaa hunasa kidogo mno. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu, uliopondwa chengachenga. Unga huziba kichujio.

Kichujio nacho hushiba. Floraidi haina rangi wala harufu ya kukuonya, kwa hiyo maji yaliyochujwa yapelekwe maabara mara kwa mara. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, mkaa ubadilishwe. Wauzaji wengi hulinyamazia hili.

Na wanaouliza ni mifupa ya mnyama gani wasionekane wasumbufu. Muuzaji anayeijua kazi yake atawatajia hata machinjio ilikotoka.

Fundi wa vichujio vya maji,
Usa River