Kikao cha Alhamisi: watoto wa Buganda

Habari za jioni, wapendwa. Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na saikolojia ya makuzi, zamu hii Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake. Wengi wanamjua kwa utafiti wa Baltimore, Marekani, ambako aliwaangalia watoto na mama zao hata maabarani, lakini alianzia hapa jirani: mwaka 1954 alifika Uganda, akawa anawatembelea majumbani akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza vitu, anarudi kwa mama, halafu huyo tena! Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora, kuliko ile ya maabara. Wenye watoto wanaotambaa, waangalieni siku hizi mbili, mje na mlichoona. Na jamani, picha za maua za asubuhi zipelekeni kundi lile lingine.