Mji upimwe kwa shehia, si kwa mpaka wa manispaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalowachanganya watu kila zinapotajwa takwimu za mji wetu. Sensa ya 2012 iliikuta Wilaya ya Mjini na watu 223,033. Ya 2022 ikaikuta na takriban 219,000. Anayesoma tarakimu hizo mbili peke yake atasema mji wa Zanzibar unakimbiwa. Aangalie sasa Mkoa mzima wa Mjini Magharibi: 593,678 mwaka 2012, na 893,169 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la karibu laki tatu, yaani nusu ya waliokuwepo, na lote limeangukia wilaya za Magharibi A na Magharibi B.

Kwa hiyo mji haukupungua, umehamia pembeni. Nyumba za Mkunazini na Darajani zinageuka maduka, ofisi na nyumba za wageni. Watu wanajenga Fuoni, Kianga, Kwarara na Chuini, na asubuhi daladala zinawarudisha mjini. Ila kwenye jedwali, mji unaishia pale linapoishia baraza la manispaa.

Nchi zilizolishughulikia suala hili zimetenganisha mambo mawili: mpaka wa utawala, unaosema nani akusanye taka na kodi, na mpaka wa kitakwimu, unaosema watu gani wanaishi maisha ya mji mmoja. Marekani ilianza kutumia fasili rasmi ya namna hii kwa sensa ya 1950. Leo utaratibu wao unaanza na kitovu chenye watu wasiopungua 50,000. Kaunti ya jirani huunganishwa ikiwa angalau asilimia 25 ya wakaazi wake wenye kazi wanafanya kazi kwenye kaunti za kitovu, au ikiwa asilimia 25 ya ajira zake zimeshikwa na watu wanaotoka huko. Kanada inadai zaidi: asilimia 50 ya wanaokwenda kitovuni, au 25 kwa wanaotoka kitovuni. Ufaransa ilikuwa ikitumia asilimia 40, na mwaka 2020 ikashuka hadi 15.

Viwango hivi vinaleta matokeo tofauti sana. Tuseme shehia, yaani kitengo kidogo kabisa cha utawala hapa Zanzibar, ina watu 1,200 wenye kazi, na 340 kati yao wanafanya kazi kitovuni. Hiyo ni asilimia 28. Kwa Ufaransa na Marekani shehia hiyo ni sehemu ya mji, kwa Kanada ni shamba. Hakuna kiwango cha haki kilichoshuka kutoka mbinguni. Muhimu ni kukichagua kabla ya kuona majibu, kisha kutokibadilisha kwa sababu mheshimiwa fulani hakufurahi.

Kosa la Wamarekani ambalo tusiliige ni ukubwa wa kipande wanachojengea. Wao hutumia kaunti nzima. Ndiyo maana eneo la mji wa Riverside na San Bernardino, huko California, linafika mpaka wa Nevada, na katikati pana jangwa tupu. Sisi tukitumia wilaya tutafanya vivyo hivyo. Tunguu imo Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, na kila siku wanafunzi na watumishi wanatoka mjini kwenda huko. Ukiichukua wilaya yote kwa sababu ya Tunguu, mvuvi wa Uroa na wa Uzi naye atakuwa mtu wa mjini. Ukiiacha yote, Tunguu na Jumbi zinabaki nje ingawa barabara imejaa nyumba. Kipande sahihi kwetu ni shehia.

Hatua zenyewe hazina uchawi. Mwaka 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kugawa nchi kwa miraba ya kilomita moja kwa moja. Mraba wenye watu 1,500 au zaidi huunganishwa na wenzake unaogusana nao, na kundi likifika watu 50,000 linakuwa kitovu cha mji. Shehia ambayo angalau nusu ya watu wake wamo ndani ya kundi hilo inahesabiwa kitovuni. Baada ya hapo ndipo zinaongezwa shehia za pembeni kwa kigezo cha kazi. Shehia iliyozungukwa pande zote huingizwa hata ikikosa asilimia, na iliyojitenga peke yake huachwa hata ikiipata.

Kwenye kisiwa, mambo mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni bahari. Mraba wa Malindi au Mtoni nusu yake ni maji. Ukigawa watu kwa kilomita nzima utauona mtupu kuliko ulivyo, kwa hiyo ni lazima ugawe kwa eneo la nchi kavu tu. La pili ni uwanja wa ndege. Hapo hakai mtu, na miraba yake isipojazwa kwa makusudi inaweza kuacha tundu katikati ya kitovu, au hata kukikata vipande. Programu ya kompyuta haitakuonya, itakupa ramani nzuri yenye kasoro.

Pemba inahitaji tahadhari zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 272,091 Kaskazini Pemba na 271,350 Kusini Pemba, zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Njia hiyo ya Umoja wa Mataifa inahesabu kuwa ni mji mdogo kundi la miraba yenye watu 300 au zaidi kila mmoja, ikiwa jumla yao inafika 5,000. Ukiimwaga Pemba bila kufikiri, vijiji vingi ambavyo nyumba zake zimetawanyika katikati ya mikarafuu vitaungana na kuitwa mji, sawa na Chake Chake na Wete. Uhindi inaongeza sharti jengine: angalau asilimia 75 ya wanaume wenye kazi kuu wawe nje ya kilimo. Kwetu sharti kama hilo liwahusu wanawake pia, na uvuvi na mwani vihesabiwe pamoja na kilimo.

Yote haya yanategemea swali la mahali pa kazi, na hapo karani wa sensa ndiye mwenye kazi. Jibu la "nafanya kazi mjini" halifai kitu, kwani laweza kuwa Darajani au Mwanakwerekwe. Aandike shehia ya kazini. Aulize pia kama mtu anarudi kulala nyumbani kila siku, maana sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mfanyakazi wa hoteli anayelala Nungwi siku sita na kurudi Fuoni siku ya saba si msafiri wa kila siku, na asiingizwe kwenye asilimia.

Mipaka hii isitumike kugawa bajeti wala kupandisha hadhi baraza lolote. Wamarekani wenyewe huandika kwenye matangazo yao kwamba maeneo hayo ni ya takwimu tu, na bado watu wanagombania. Tunachoomba ni kwamba takwimu za 2012 na 2022 zipangwe upya kwa mpaka mmoja wa kitakwimu, pamoja na jedwali linaloonyesha kila shehia iliyogawanywa ilitoka katika shehia gani. Bila jedwali hilo, sensa ijayo itatupa tena mji unaopungua huku nyumba zikiongezeka.

Wanatakwimu na wapangamiji,
Kiembesamaki, Unguja