Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Takwimu za Shule Zetu

Ndugu walimu wakuu wenzangu,

Michango, misiba na michezo vimo katika taarifa za katibu na mtunza hazina, kwa hiyo sitavirudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililokula muda wetu kuliko jingine lolote mwaka huu: takwimu.

Wengi wetu tulianza kazi wakati takwimu zilikuwa ni fomu za TSM (Takwimu za Shule za Msingi) za mwezi Machi. Unajumlisha wavulana, wasichana, madawati na matundu ya vyoo, unapiga muhuri, fomu zinapanda kwa afisa elimu kata. Siku hizi jumla haitoshi, anatakiwa mtoto mmoja mmoja. Katika PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, kila mwanafunzi ana namba inayomfuata anakohamia, na ndiyo inayotumika kumsajili kwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba. SIS, mfumo wa taarifa za shule wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), nayo inataka taarifa za wanafunzi na za walimu. Sisi wenyewe tumo kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS: mwalimu anaweka majukumu yake, mwalimu mkuu anayapitia na kuyaidhinisha.

Mabadiliko haya nayaunga mkono, na sababu ya kwanza ni fedha. Ruzuku ya serikali kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 hushuka shuleni. Shule ya watoto 400 inapata 2,400,000, yaani 200,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Mtoto aliyehamia kwako bila kuhamishwa kwenye mfumo unamfundisha wewe, lakini anahesabiwa kule alikotoka.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto wa darasa la nne mwaka huu watamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao walioko la tano watamaliza la saba. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Vyumba, madawati na walimu wa kuwapokea vitapangwa kwa namba tunazoingiza sisi. Tukiacha majina ya watoto waliohama zamani, fedha zitaenda pasipo watoto. Tukiwasahau waliorudi, watakaa chini. Naomba kila mwanachama aanze na madarasa hayo mawili, rejesta mkononi, jina kwa jina.

Na majina yenyewe yanataka macho. Mtoto kwenye rejesta ni Saidi, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Said, jina la babu halipo kabisa. Kosa hilo lisipokamatwa mapema litamfuata hadi kwenye vyeti vyake. Wakati mzuri wa kulikamata ni siku ya kumwandikisha, mzazi akiwa mbele yako na cheti mkononi.

Sasa kero. Vishikwambi tulivyopewa baada ya Sensa ya 2022 vimetusaidia sana, lakini bando ni la mfukoni mwa mwalimu, na wenzetu wa vijiji vya mbali hungoja usiku mtandao upungue watu ndipo waingize taarifa. Kinachoumiza zaidi ni kuulizwa mara mbili. Taarifa umekwisha kuziingiza kwenye mfumo, kisha saa nne asubuhi unaingia ujumbe wa WhatsApp: "Naomba idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwa jinsi, mwisho saa nane mchana leo." Mwalimu anaacha darasa, watoto wanabaki na kiranja. Mfumo ulijengwa ili anayetaka namba aifungue mwenyewe. Kamati yenu imelipeleka hili kwa maandishi na majibu bado tunayasubiri. Nitaendelea kulifuatilia, kwa sababu kipindi cha hesabu kilichopotea hakilipwi na ripoti yoyote.

Kuna jambo lililo mikononi mwetu wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Hata hivyo orodha zenye majina, ulemavu na namba za simu za wazazi zinazunguka kwenye makundi ya simu. Mfikirieni binti aliyerudi shuleni chini ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 baada ya kujifungua. Sababu ya yeye kuacha masomo ikisambazwa kwenye kundi la watu mia, tumemfukuza mara ya pili.

Kamati inaleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo matatu: tuombe kwa pamoja kifungu cha bando ndani ya matumizi ya ruzuku, orodha za wanafunzi zisitumwe tena kwenye makundi ya simu, na kila shule iwe na walimu wawili wanaoujua mfumo vizuri, ili mmoja akihama kazi isisimame.

Naomba kuwasilisha.