Kwa mama tuliyekaa naye benchi moja Muhimbili

Mama yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Ulinikuta nje ya kliniki ya moyo nimeshika karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mkono unatetemeka. Mapigo yangu yalikuwa yanakimbia hadi 180 kwa dakika nikiwa nimekaa tu, kisha yanatulia ghafla na kuniacha nimelowa jasho. Daktari alinipa njia mbili: kupitishiwa waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, waunguze kinjia cha umeme kilichozidi, kinachoyakimbiza mapigo, au niendelee na vidonge. Nyumbani kila mtu alikuwa na lake.

Wewe hukunichagulia. Ulishusha khanga kidogo, ukanionyesha kovu chini ya mtulinga, palipowekwa betri yako ya moyo, kile kifaa kinachousaidia moyo kupiga. "Gusa, mwanangu." Nikagusa. Ukanitajia maswali ya kumuuliza daktari: nikishaunguzwa, tatizo linaweza kurudi? Njia ya kawaida ya umeme ikidhurika, nitahitaji betri kama wewe? Niliyaandika nyuma ya kadi ya kliniki, nikayauliza yote.

Sijaamua bado, nina miadi mwezi ujao. Ila usiku nalala. Ahsante sana, mama. Mungu akutunze.