Msichana aliyebakiwa na mwangwi

Mwenzangu mpendwa,

Salamu kwanza, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, lakini kila niliposhika kalamu niliona jibu halijaiva. Uliniuliza nafanyaje ili wanafunzi wa darasa la lugha wavisome visasili vya Kigiriki bila kukariri nani ni mke wa nani na nani ni mungu wa bahari. Sasa nina la kukuambia, na nimelijaribu mihula mitatu.

Waandike tamthilia wao wenyewe. Ila usiwape kisa kizima ukawaambia wakigeuze mchezo. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikawapa vita vya Troy, na nilikosea. Kila mmoja alipanda jukwaani, akatangaza, "Mimi ni Zeus, mfalme wa miungu," au "Mimi ni Poseidon, mungu wa bahari," akashuka. Ilikuwa orodha ileile niliyotaka kuikimbia, ila sasa imevishwa nguo za maigizo. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Hakuna aliyetaka kitu kutoka kwa mwenzake. Na pasipo mtu kutaka kitu, hakuna mazungumzo.

Kilichobadilisha mambo ni masharti. Wagiriki wenyewe waliandika wakiwa wamebanwa. Mwanafalsafa wao Aristotle anatuambia kwamba mtunzi Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili, kisha mtunzi mwenzake Sophocles akaongeza wa tatu, na kwenye tanzia, yaani michezo ya huzuni, wakaishia hapo: waigizaji watatu, na barakoa za kuwawezesha kuwa watu wengi, pamoja na korasi inayoimba na kucheza. Nami nikaweka sharti hilohilo. Watatu tu wenye maneno, waliobaki wote ni korasi. Ghafla Zeus na Poseidon wakakosa nafasi, maana mwandishi hana tena mtu wa kumpoteza kwa kujitambulisha.

Sharti la pili ni la mjumbe. Katika tanzia zile, vifo kwa kawaida havitokei mbele ya watazamaji; mtu huja mbio akasimulia alichokiona. Katika Medea, tamthilia ya Euripides, binti mfalme anavaa vazi na taji lenye sumu ndani ya nyumba, baba yake anamkumbatia na kunasa, wote wawili wanakufa, nasi tunayapata yote kwa kinywa cha mtumishi. Mwambie mwanafunzi aandike hotuba ya mjumbe, uone -ka- inavyofanya kazi yake: akalipokea, akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. Mimi huongeza dai moja tu, mjumbe aseme alikuwa amesimama wapi. Aliyekuwa mlangoni haoni kama aliyekuwa chumbani. Mwanafunzi mmoja alimweka mjumbe wake nyuma ya pazia, asione chochote, asikie tu, na hotuba nzima ikawa ya sauti. Sijawahi kufundisha msamiati wa sauti vizuri kiasi hicho.

Lakini kilichonifanya nikuandikie usiku huu ni Echo, ambaye jina lake kwa Kigiriki ni mwangwi.

Kisa chake unakijua. Ovid, mshairi wa Kirumi, anakisimulia katika kitabu cha 3 cha Metamorphoses. Echo alikuwa nimfa msemaji, yaani mmoja wa miungu wadogo wa kike wa misitu na maji, aliyemzuia Hera, mke wa Zeus, kwa maongezi marefu (Ovid anamwita Juno) wakati mumewe yuko na nimfa wengine. Hera alipogundua, akamwadhibu: tangu siku hiyo hawezi kuanza kusema, wala hawezi kunyamaza mwingine akisema. Anarudisha mwisho wa maneno ya mtu, basi. Kisha akampenda Narcissus, kijana wa miaka 16, asiyemtaka yeyote.

Hebu fikiria kumwandikia mhusika huyo maneno. Kila atakalosema lazima liwe limekwisha kusemwa na yule asiyempenda. Nikawagawa wawili wawili, mmoja amwandikie Narcissus, mwingine Echo, na hawakuchukua muda kutambua kwamba mgawanyo huo hauwezekani. Anayemwandikia Narcissus ndiye anayemwandikia Echo. Akiwa hana uangalifu, mwenzake anabaki bubu.

Tulianza kwa kufuata njia ya Ovid. Narcissus amepotezana na wenzake msituni, anaita, "Je, kuna mtu hapa?" Echo: "Hapa!" Anasema, "Basi njoo, tukutane." Echo, kwa moyo wote: "Tukutane." Anatoka mafichoni, anakwenda kumkumbatia, naye anamsukuma: "Ondoa mikono! Ni heri nife kuliko nikupe nafsi yangu." Na Echo anajibu, "Nikupe nafsi yangu."

Iangalie hiyo nikupe, mwenzangu. Katika kinywa cha Narcissus, baada ya kuliko, ni jambo asilolitaka hata kwa kufa. Ikikatwa ikasimama peke yake, ni ombi la mtu anayejitoa. Herufi hazikubadilika hata moja. Miaka nenda rudi nimeieleza ile -e ya mwisho wa kitenzi kwa kuchora ubaoni, nao wakiitikia kwa adabu. Safari hii niliisikia ikiwaingia.

Baada ya hapo wakaanza kuwinda wenyewe. "Usidhani nakupenda," anasema Narcissus wa kundi moja. Echo: "Nakupenda." Kundi jingine: "Siwezi kuishi nawe." Echo: "Kuishi nawe." Kila kundi lilipopata mkia mzuri, darasa lilipiga kelele.

Kisha ukaja ugomvi ninaoupenda kuliko yote. Kundi moja lilitaka Narcissus aseme waziwazi, "Sikupendi." Echo atarudisha nini? Wakajaribu kukata: kupendi. Si neno. Wakaja kwangu wakilalamika kwamba Kiswahili kimewanyima. Nikawauliza tu, kukataa kumekaa wapi katika neno hilo? Wakalitazama. Si- ya mwanzo wameiona siku zote. Lakini ile -i ya mwisho nayo ni ya kukanusha, imefunga mlango wa nyuma. Ukikata kichwa, mkia bado unakataa. Echo hana pa kupita.

Walikaa kimya kidogo, halafu mmoja akasema, "Basi aseme atakavyofanya, si anavyofanya." Wakaandika: "Sitakupenda." Ukikata si- unabaki na 'takupenda. Nawe unajua washairi wetu wanavyolitumia umbo hilo, nitakupenda iliyofupishwa kwa ajili ya mizani. Kukataa kwa wakati ujao kunaacha ahadi nyuma yake! Sikuwa nimewahi kuliona hilo, na nimefundisha kukanusha kwa miaka mingi. Nilikaa kitini. Nilitaka kulisikia tena, wakarudia mara tatu.

Mmoja alipinga kwamba si halali kukata neno katikati. Mwingine akamjibu kwamba jabali halijui neno linaanzia wapi, linarudisha silabi za mwisho tu. Hoja hiyo ilishinda, na nadhani ni sawa ishinde.

Utaniuliza kama nawaruhusu kubadilisha kisa. Nawaruhusu, mradi wajue wanabadilisha nini. Chukua Persephone, binti aliyetekwa na Hades, mungu wa kuzimu: katika utenzi wa kale wa Demeter, mama yake, anaonja punje moja ya komamanga, na anakaa chini kwa Hades theluthi ya mwaka; katika Metamorphoses ya Ovid anaonja punje saba, na anakaa huko nusu ya mwaka. Euripides mwenyewe, mwaka 412 KK, alimwonyesha Helen, yule mwanamke aliyepiganiwa katika vita vya Troy, ambaye hakufika Troy kabisa, kilichofika kilikuwa kivuli chake. Watazamaji walikuja wakikijua kisa. Walikuja kuona mwandishi huyu atakifanya nini. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza toleo gani ndilo sahihi, namuuliza mchezo wake unahitaji punje ngapi, na kwa nini.

Kuhusu alama, sikufichi, bado sijaridhika. Natoa nyingi kwa rasimu ya pili kuliko onyesho lenyewe, ili asiyependa kupanda jukwaani asiumie. Kama una njia bora niandikie.

Wiki iliyopita tukafika mwisho wa kisa, tukakwama. Narcissus amejiona kwenye maji, amenyauka kwa kujitamani, anasema "buriani" naye Echo anasema "buriani," kisha Narcissus akafa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Sasa Echo atasema nini? Aliyekuwa akimpa maneno hayupo." Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Tukarudi kwa Ovid. Pale nimfa wa maji na wa miti wanaomboleza, na Echo anayaitikia maombolezo yao. Kumbe ile korasi niliyoiweka kwa sababu ya uhaba wa waigizaji ndiyo inayomwokoa: akishakufa Narcissus, wote waliobaki inawapasa wamtungie Echo.

Nikawapa kazi hiyo. Kila mmoja mshororo mmoja wa maombolezo, vipande viwili vya mizani minane, na mkia ambao Echo anaweza kuuishi. Wengine wameanza kuyaunganisha kama pindu, mwisho wa ubeti huu ukiwa mwanzo wa unaofuata, na sikuwaambia mimi. Jana nilikusanya rasimu nikazisoma hadi usiku. Nyingi zina vina vilivyolazimishwa, na nitawarudishia. Mmoja ameandika hivi, pale wanapoutafuta mwili wa Narcissus wauchome wasiukute, wakute ua tu:

Mwili hauonekani, pana ua limebaki.

Na chini yake, peke yake kwenye mstari, jibu la Echo:

Baki.

Niandikie upesi. Wasalimie wote nyumbani.

Mwalimu mwenzako