Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuoteshe usaha kabla sindano haijagoma

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka maabara ya hospitali moja ya wilaya, ninakofanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa. Nakuandikia kuhusu kisonono, ugonjwa ambao wagonjwa wetu wanautaja kwa sauti ya chini pale dirishani: "Nadhani ni gono, dokta."

Majuzi alikuja kijana wa bodaboda. Mara ya kwanza alijinunulia vidonge vya sipro duka la dawa. Mara ya pili alichomwa sindano zahanati, na mwenzi wake akapewa dozi pia. Usaha ukarudi. Nilipaka sampuli yake kwenye kioo, nikaitia rangi, nikainamia darubini. Vijidudu vilikuwepo, viwiliviwili, vya rangi ya waridi, kama punje za maharage zilizotazamana, vimejaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Kisonono, hakuna ubishi. Ila darubini huishia hapo. Haisemi ni dawa gani itaviua. Daktari alinipigia kuuliza swali hilohilo, sikuwa na jibu, akarudia sindano ileile.

Mheshimiwa, sisi Watanzania tuna historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Mwanza, wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikafika bila kukatika, ikafunguliwa na kliniki ya rufaa ya magonjwa hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizopata huduma hiyo yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilijifunza kwetu. Lakini kutibu kwa dalili kunasimama juu ya sharti moja, kwamba dawa inayotolewa bado inaua. Sharti hilo lazima lipimwe, tena kila mara, kwa sababu kisonono kimeshazishinda salfa, penisilini, tetrasaiklini na sipro. Seftriaksoni, dawa ya sindano, ndiyo nguzo kuu iliyobaki.

Na nguzo yenyewe inatikisika. Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za nchi 12 zinazofuatilia usugu wa kisonono, yaani vijidudu kutouawa tena na dawa: usugu kwa seftriaksoni ulipanda kutoka asilimia 0.8 mwaka 2022 hadi asilimia 5 mwaka 2024. Uganda wamo katika nchi hizo. Malawi wamo. Sisi hatumo, na hilo linaniuma.

Ili kuupima usugu huo lazima kuotesha, yaani kukuza vijidudu vya mgonjwa maabara na kuvijaribu kwa dawa. Najua kuotesha kisonono ni kazi. Kijidudu hiki kinadeka: kikikauka kwenye pamba ya kuchukulia sampuli kimekufa. Kinataka sahani yenye damu iliyopashwa moto mpaka ikageuka rangi ya chokoleti, joto la nyuzi 35 hadi 37, na hewa yenye kaboni dayoksaidi. Chuoni tulifundishwa kuweka sahani ndani ya mtungi wa kioo, tunawasha mshumaa mweupe, tunafunika. Mshumaa ukizimika wenyewe, hewa imekuwa tayari. Vikishaota, unavipandikiza kwenye sahani mpya, unaweka diski za dawa juu yake, na kesho yake unasoma kwa rula: dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara safi, iliyoshindwa imeotewa hadi ukingoni. Mashine za GeneXpert tunazopimia kifua kikuu zinaweza kukigundua kisonono kwenye mkojo kwa saa moja na nusu hivi, na zingewasaidia sana wanawake, ambao wengi hawana dalili yoyote hadi mirija ya uzazi imeshaharibika. Kipimo hicho nacho hakisemi dawa ipi itafaa.

Ninachoomba si maabara mpya kila wilaya. Hospitali za rufaa za kanda tayari zinaotesha damu na mkojo. Ziongezewe kisonono. Zichaguliwe kliniki chache kwa kila kanda. Mwanamume mwenye usaha achukuliwe sampuli kabla ya sindano, iwekwe kwenye chupa ya kusafirishia yenye mkaa, ipande gari siku hiyohiyo pamoja na sampuli za makohozi na za VVU ambazo tayari zinasafiri. Mgonjwa asilipe hata senti, maana akilipishwa atarudi duka la dawa. Na anayerudi na usaha baada ya dozi kamili aoteshewe kabla ya kuchomwa tena, awe kliniki yoyote. Majibu yatufikie na sisi wa chini, yasiishie kwenye ripoti.

Mtungi wa kioo ninao kabatini, na mshumaa upo. Nikipata sahani na diski, naanza asubuhi inayofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa maabara, hospitali ya wilaya